Kutunga maswali ya chemsha bongo ya vitabu: anza na jibu

Mleta uzi, umesema mkutubi wa hapo kwenu kakukabidhi kutunga maswali 60 ya mashindano ya vitabu kwa wanafunzi wa sekondari, na unauliza uanzie wapi. Kazi hiyo nimeifanya miaka mitano, na mengi niliyojifunza nimejifunza kwa kuzomewa.

Mwaka wa kwanza niliuliza: "Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka gani?" Karatasi yangu ilisema 1963. Kijana mmoja akajibu 1969, nikamkatalia na swali likaenda kwa wapinzani. Mwalimu wao akasimama. Kumbe tafsiri ilitoka kweli 1963, lakini Mwalimu Nyerere akaipitia upya na ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kijana alikuwa ameisoma hiyo ya pili. Badala ya bongo, kilichochemka siku ile ni ukumbi.

Tangu hapo naandika jibu kwanza, na pembeni yake ukurasa na mwaka wa toleo. Swali linafuata. Nikishalitunga najifanya wakili wa timu iliyokosa: je, kuna jibu la pili ninaloweza kulitetea? Kitabu cha Kufikirika kiliandikwa lini? Hilo nililifuta. Kitabu kilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufariki, kwa hiyo kuandikwa na kuchapishwa ni mambo mawili mbalimbali. "Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya Fasihi" nalo lina ugomvi ndani yake: wewe umeandika Wole Soyinka, 1986, mtoto mjanja anakuletea Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, 1957. Swali likihitaji ufafanuzi wa dakika mbili, litupe tu, hata kama unalipenda.

Sasa kuna jambo ambalo watunzi wengi hawalioni, nami lilinichukua miaka miwili kuliona: sarufi yetu inavujisha majibu. Angalia hili: "Mgeni alisahau ____ yake mezani: (a) mwavuli (b) kitabu (c) kofia (d) viatu." Mshindani hahitaji kusoma hadithi yoyote, "yake" imeshamwambia ni kofia. Ama chaguzi zote ziwe za ngeli moja, ama geuza swali: "Mgeni alisahau kitu gani mezani?" Nikihariri siku hizi, mzunguko mzima wa kwanza ni wa kufuatilia viambishi tu.

Majina nayo yanavujisha, hasa kwa Shaaban Robert, aliyewapa wahusika majina yanayosema tabia zao. Ukiuliza nani alimshitaki Karama katika Kusadikika, halafu ukaweka Majivuno kando ya Fadhili na Amini, umewagawia alama bure. Afadhali uulize kuhusu wajumbe sita wa kitabu hicho, yupi alitumwa upande upi. Hapo jina halimsaidii mtu, lazima awe amesoma.

Mimi kila swali la kuchagua humpelekea kwanza mtu ambaye hajasoma kitabu. Jirani yangu fundi cherehani ndiye kipimo changu. Akipata zaidi ya nusu, ujue chaguzi zangu za uongo ni dhaifu, narudi kuzinoa. Kisha nampa aliyesoma kitabu mwaka uliopita, si wiki iliyopita, maana mtunzi mwenye kitabu mkononi huona kila kitu ni rahisi. Rangi ya shuka katika sura ya saba si swali la mashindano.

Pia soma maswali yote kwa sauti. Mshindani anasikia, hasomi. "Yupi kati ya hawa hakuwa..." ile "ha" inapotea kabisa kwenye kipaza sauti kibovu, timu inajibu kinyume, na rufaa inaanza. Mimi maswali ya kukanusha nimeyaacha.

Kuhusu idadi: kama unahitaji 60, tunga 90. Katika uhariri utafuta kama 20, na kumi yatakayozidi yawe ya akiba, ya kuvunja sare au kuziba pengo la swali lililobatilishwa.

La mwisho, nakala za vitabu vyote, matoleo yale yale uliyotumia, ziwe juu ya meza ya majaji kabla milango haijafunguliwa. Siku ile ya Juliasi Kaizari tulikimbilia rafuni kutafuta nakala ya kuamulia. Ilikuwa imeazimwa.