Ngamia, goti la mama na kulala Chalbi: jibu langu kwa aliyeuliza

Dada aliyeuliza kama ampeleke mama yake Merzouga kule Moroko kwa safari ya ngamia na kulala jangwani usiku mmoja, au kama kuna kitu cha aina hiyo hapa Kenya, na goti la mama linasumbua: nimelala huko na huku, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Kwanza kuhusu mchanga. Ukimwambia mtu wa Nairobi "jangwa", anaona matuta hadi upeo wa macho. Chalbi, jangwa letu la Marsabit kaskazini mwa Kenya, kwa sehemu kubwa haiko hivyo. Ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare kabisa, yenye ganda jeupe la chumvi linalovunjika chini ya kiatu, na jua likishapanda mazigazi yanakuzunguka. Matuta ya mchanga yapo upande wa North Horr, ila si marefu. Yale ya Merzouga, yaitwayo Erg Chebbi, yanakaribia mita 150 kwenda juu, na jua likitua yanageuka rangi ya machungwa iliyokolea. Kama mama anataka picha ya namna hiyo tu, usimdanganye, mpeleke Moroko.

Sasa goti. Ngamia anapandwa akiwa amepiga magoti. Akisimama, huanza kunyanyua miguu ya nyuma, kwa hiyo unasukumwa mbele ghafla, uso unaelekea shingoni mwake, kabla ya miguu ya mbele kunyooka na kukurudisha. Akilala, anakunja magoti ya mbele kwanza, na wewe unaenda mbele tena. Merzouga huwa kuna chuma cha kushikilia mbele ya tandiko. Mama akishike kwa mikono miwili na aegemee nyuma kabla mnyama hajaanza kuinuka. Akisubiri hadi ashtuke, amechelewa. Njiani, ngamia hutembea kwa kuinua miguu miwili ya upande mmoja pamoja, ndiyo maana mpandaji anayumba kushoto na kulia mfululizo. Hakuna vikuku vya kutilia miguu na tandiko ni pana, kwa hiyo kinachouma ni nyonga na mapaja kuliko goti. Goti lina kazi wakati wa kupanda na kushuka, na zaidi alfajiri, wageni wanapoamshwa wapande tuta kwa miguu kuangalia jua likichomoza. Kila hatua mchanga unakurudisha nusu hatua. Hapo mama abaki kambini anywe chai, hakosi kitu. Jua linaonekana hata kutoka chini.

Kabla hujalipa shilingi yoyote, mpeleke Mombasa, ufuo wa Jomo Kenyatta, pale Pirates. Kuna ngamia wa kupandisha watu. Apande, azungushwe kidogo, ashuke. Kesho yake muulize nyonga inasemaje. Hilo litakupa jibu ambalo hakuna wakala wa safari atakayekupa.

Huku kaskazini mambo ni tofauti, na kwangu mimi ndiyo safari bora kwa mtu kama mama yako. Wagabra na Warendille, wafugaji wa huko, hawana desturi ya kupanda ngamia kwa matembezi. Ngamia wao hubeba nyumba nzima wakati wa kuhama, pamoja na maji, watoto wadogo, na wazee wasioweza kutembea. Kwa hiyo mnatembea kando ya ngamia aliyebeba mizigo, polepole, na mama akichoka anapandishwa. Hakuna anayemwona mzembe, maana hata kwao mzee ndiye anayepandishwa.

Mkifika, msikose kutazama upakiaji. Mzee aliyetuongoza alifunga mitungi ya maji kila upande, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja akapima, kisha akaondoa mtungi mmoja na kuweka gunia la unga mahali pake. Sisi tuliona ni sawa tu, lakini yeye alijua upande mmoja umezidi. Mzigo ukielemea upande, tandiko linahama na kuchubua mgongo, na ngamia mwenye kidonda cha mgongo hafai kwa kazi hadi apone. (Nundu ni mafuta, si tangi la maji. Msimsumbue mzee kwa swali hilo, ameshaulizwa vya kutosha.)

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni upepo. Eneo lote kati ya Marsabit na Ziwa Turkana lina upepo mkali, na si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimikwa huko upande wa Loiyangalani. Usiku hema linapigwa hadi mtu hasikii anachoambiwa. Vigingi havishiki mchangani. Jaza mifuko mchanga, funga kamba za hema hapo, uifukie. Zipu zitajaa mchanga na kukwama, basi usifunge hadi mwisho kama mama huamka usiku kwenda haja. Wenyeji wala hawahangaiki na hema. Wanapanga mizigo iwe ukuta, ngamia wanalazwa karibu, mkeka unatandikwa upande usio na upepo, leso usoni. Nililala hivyo nikapata usingizi kuliko wenzangu waliokuwa hemani. Viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaa, nge wapo. Na msipige kambi ndani ya laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali, ninyi juu yenu hakuna wingu, na maji yakawafikia gizani.

Baridi: Merzouga mwezi wa Desemba na Januari usiku unakaribia nyuzi sifuri, chukueni majaketi mazito. Chalbi usiku una joto. Mji wa Marsabit ndio utakaowashangaza, uko mlimani, una ukungu na baridi, kwa hiyo sweta la Nairobi lisiachwe nyumbani.

Kufika ni rahisi siku hizi. Mabasi ya Moyale yanatoka Eastleigh, lami inapita Isiolo na Laisamis hadi Marsabit. Kutoka hapo ni Land Cruiser kupitia Maikona na Kalacha. Epukeni Machi hadi Mei, na Oktoba na Novemba, kwa sababu mvua ikinyesha Chalbi inakuwa tope na magari yanazama. Ulizeni hali ya usalama Marsabit kabla ya kuendelea, na mpate mwongozaji wa hukohuko.

Maji ya kunywa wekeni lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku. Mkikaribishwa maziwa ya ngamia, yanyweni ndani ya chai iliyochemka. Mabichi yanaweza kuwa na ugonjwa wa brusela, na kwa umri wa mama hakuna haja ya kujaribu.

Bei pataneni na mwenye ngamia mwenyewe kabla ya kupakia, na mhesabu pia siku ya kuwarudisha ngamia nyumbani, maana hiyo nayo ni kazi yake. Ningewapangia hivi: kambi karibu na Kalacha ambako kuna chemchemi na mikoma, mwendo mfupi jioni, mwingine asubuhi kabla ya saa tatu, na Land Cruiser ibaki mahali inapoweza kuitwa goti likigoma.