Sungura si kiolezo, mjanja ndiye

Swali: Mwalimu wa fasihi alituambia Sungura wa kwenye ngano ni "akitaipu". Nikiandika "mfano" nakatwa maksi, nikiandika "kielelezo" nakatwa tena. Niandikeje? (Mwanafunzi wa kidato cha tano)

Jibu: Mfano huja baada ya jambo, unachokitafuta wewe, sura ya awali inayozaa wahusika wengi, hulitangulia. Kielelezo nacho ni cha kuelezea tu: mchoro kitabuni, panga lenye damu mezani kwa hakimu. Neno la mwalimu wako, archetype kwa Kiingereza, lina asili ya Kigiriki, arkhe "mwanzo" na typos "alama inayoachwa na mhuri". Aliyelieneza katika saikolojia ni Carl Gustav Jung (1875–1961), daktari wa akili wa Uswisi, aliyeona sura zilezile zikijirudia katika ndoto za wagonjwa wake na katika visasili vya watu wasiowahi kukutana.

Mimi hupenda "kiolezo cha kale". Kiolezo ni kama ile karatasi fundi cherehani anayoilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata: nguo kumi, karatasi moja. (Mwalimu akiwa na neno lake, mfuate, anayesahihisha ni yeye.)

Ila neno si tatizo lako pekee. "Sungura ni kiolezo" si sahihi hata ukibadilisha neno. Kiolezo ni mjanja, yule mdogo anayewazidi wakubwa akili. Sungura ni nguo mojawapo. Mtazame Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria ndani yake: "Imezaa." Jirani anafurahi, anapokea. Mara ya pili sufuria hairudi: "Imekufa." Jirani anang'aka, sufuria inakufaje? Naye ndiye aliyekubali kwamba inazaa! Waturuki wanakisimulia kisa hichohicho juu ya Nasreddin Hoja. Na Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad. Hekaya ndizo zilizomvika ujanja huu. Jina limebadilika, kisa kimesimama palepale. Waakan wa Ghana wao wana buibui, Anansi.

Usichanganye pia na mhusika bapa, yule mwenye sifa moja tu asiyebadilika. Hilo linahusu namna mwandishi alivyomchora mtu, halihusu alikotoka.

Kwa hiyo mtihanini andika: "Katika ngano hii Sungura anabeba kiolezo cha kale cha mjanja." Wingi wake ni violezo vya kale, na fisi mlafi, mpumbavu anayeachwa na mkia mtegoni, anabeba kingine.