Krimu ya njano kwa bibi, nyeupe kwa jirani

SWALI: Habari zenu, mi niko Arusha mjini nanunua maziwa kwa jirani mwenye Friesian wa bandani, nikienda kwa bibi Monduli maziwa ya ng'ombe wake wa kienyeji yakilala usiku mmoja tu yanaweka utando mnene wa njano, sasa jirani ananiwekea maji au?

JIBU: Dada, usimgombeze bado. Friesian anajaza ndoo ila mafuta ni kama asilimia 3.5 mpaka 4, zebu wa bibi anatoa kikombe kikombe lakini mafuta yake yanaweza kupita asilimia 5. Halafu msosi: wa bandani akizidishiwa pumba na mahindi, majani kiduchu, mafuta yanashuka, maana tumbo linahitaji nyuzinyuzi ndo litengeneze malighafi ya mafuta. Hiyo njano ni karotini ya majani mabichi, kiangazi nyasi zikikauka utaona hata siagi ya bibi inapauka. Na majani mabichi yanaongeza omega-3 kwenye maziwa, yaani aina ya mafuta yenye faida mwilini, kule Uswisi maziwa ya ng'ombe wanaopandishwa kulisha milima ya Alps yanayo zaidi kuliko ya bondeni wanakolishwa nafaka nyingi. Ila kama unatafuta omega-3 kweli, kula dagaa! Maji yana kipimo chake, laktomita, mwombe jirani aitumbukize ukiwepo.