Unataka kiti changu? Anza na risiti

Juzi binti mmoja, muuguzi wa Nachingwea, kaniandikia: "Shikamoo mama. Nimemaliza shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nifanyeje na mimi niwe mkurugenzi mtendaji wa shirika la afya kama wewe?" Akaambatanisha andiko la mradi wake, kurasa 31. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi swali hilo hakuna aliyenijibu.

Marahaba, mwanangu. Wala hauko peke yako. Wote mnaopita hapa mnakitamani kiti hiki.

Nilianza nikiwa muuguzi kama wewe, kwa kugawa dawa za matende na mabusha vijijini Tandahimba. Mkononi kijiti cha kupimia urefu, maana Mectizan, dawa yenyewe, hutolewa kwa kimo cha mtu, na juu yake kidonge cha minyoo. Wazee walinikatalia: busha linaletwa na madafu, wewe binti unatuletea vidonge vya kutumaliza uzazi! Nikajifunza kukaa barazani, kuuliza habari za shamba kwanza, habari ya mbu anayeeneza ugonjwa baadaye. Mzee mmoja aliyenifukuza mara mbili alinifuata usiku, shuka begani, kuuliza kama ni kweli upasuaji ni bure. Akafanyiwa, akapona, akaniletea wenzake tisa. Siku hiyo nilijua watu watanifuata. Naringa? Kidogo, na nimestahili.

Miaka ya katikati naruka. Semina na vikao, vikao na semina.

Nikapewa ukurugenzi. Mwaka wa pili akaja mkaguzi wa hesabu wa mfadhili. Akafungua faili la posho za wagawa dawa, akapekua kimya kimya, kisha akaniuliza: "Mama, watu arobaini hawa wote wana mwandiko mmoja?"

Ni kweli. Ulikuwa msimu wa korosho, wengi wako mashambani, karani wetu akawasainia ili masurufu, hela tulizotangulizwa kwa kazi hiyo, yafungwe hesabu kabla ya mwisho wa mwezi. Hela waliipata, shilingi kwa shilingi, lakini mkaguzi hasomi moyo wa karani. Tukaambiwa tumrudishie mfadhili hela hizo. Tukauza pikipiki mbili, tukawaaga watumishi sita, na mjumbe mmoja wa bodi, niliyekuwa namwita kaka, akasema mbele ya watu kwamba muuguzi arudi wodini. Neno lile halijanishuka kooni mpaka leo.

Sikurudi. Nilikesha na vitabu vya hesabu mpaka mhasibu akaanza kuniogopa. Tukaacha kupanga ugawaji kati ya Oktoba na Desemba, watu wakiwa kwenye korosho na minada. Asiyejua kuandika akaweka dole gumba mbele ya mtendaji wa kijiji. Posho zikapita kwenye simu, na ujumbe wa muamala ukawa ushahidi.

Sasa nisikilizeni, vijana wa Kusini. Mnapenda kukata utepe na kupigwa picha na mkuu wa wilaya. Nani kati yenu ameshawahi kufungua daftari la fedha taslimu? Tunza risiti. Anayeomba hela asiwe ndiye anayeidhinisha. Ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zifike kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kabla hujakumbushwa. Usikae unamsubiri mhasibu akueleze, soma mwenyewe. Na risiti, nimeshazitaja? Zitunze.

Binti wa Nachingwea, andiko lako nimelisoma lote. Sehemu ya vikope, ule ugonjwa wa macho, umeiandika vizuri kuliko nilivyoweza mimi katika umri wako. Lakini ukurasa wa 28, kwenye jedwali la bajeti, umeweka mstari mmoja tu: "Itajazwa na mhasibu." Lijaze wewe, unirudishie kabla ya Ijumaa.