Kukwama Walawi kila mwaka

Bwana asifiwe, dada. Unasema kila Januari unaanza kusoma Biblia kutoka Mwanzo, ukifika Walawi, kitabu chenye sheria za sadaka, unaacha. Usijilaumu. Anza na Marko, ina sura 16 tu: sura moja kila asubuhi kabla hujashika simu. Isome kwa sauti, kisha andika jambo moja la kutenda siku hiyo. Ukimaliza, nenda Matendo, ndipo urudi Mwanzo. Walawi isome pamoja na Waebrania 9, utaona zile sadaka zilielekea wapi.

Jihadhari sana na kuokota mstari mmoja. Yeremia 29:11, ile ahadi ya Mungu ya amani na tumaini, inapendwa mno, lakini anzia mstari wa 10: walioambiwa ni Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli, na walitakiwa kusubiri miaka 70. Ukiruka siku, usilimbikize sura, endelea ulipoishia.