Mitego ya ndege ya babu: usiisugue kwanza

Ndugu yangu wa Newala, pole na msiba. Umesema babu ameacha tenga lenye vitanzi vya nyuzi, vijiti vya kupinda na kifuu chenye ulimbo mkavu, na unataka kuvisafisha, kisha uwaonyeshe watoto vinavyofanya kazi shambani.

Hapo kwenye kusafisha, ngoja. Mimi nilisugua mtego wa mjomba kwa maji na sabuni, kitanzi kikakatika vipande vitatu. Futa vumbi kwa brashi laini, basi. Ule ulimbo usiubandue! Ni utomvu uliochemshwa, na ndio unaoeleza kazi ya kifuu. Weka vyote juu ya meza, mbali na ukuta na sakafu. Mchwa huanzia hapo. Ukiona unga unga chini ya kijiti, kiweke kando, kimeingiwa na wadudu.

Lililo la haraka kuliko yote ni wazee. Kaa na bibi, umrekodi kwa simu: kila kipande kinaitwaje kwa Kimakonde, kilitegwa wapi, chambo kilikuwa mtama au kumbikumbi. Kifaa kisicho na jina ni kuni tu.

Kutega kwelikweli, hapana. Ulimbo hauchagui ndege, hata bundi hunasa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai kibali. Kamuulize afisa wanyamapori wa halmashauri kabla hujatega chochote. Watoto waonyeshe kwa kufyatua kitanzi kwenye kibunzi cha muhindi. Watacheka sana.