Shangazi, mume wangu anakataa Meza ya Bwana kwa kiburi

Shangazi shikamoo. Niko Musoma, ndoa yangu ina miaka 14, ni Msabato na shemasi kanisani. Mume wangu ana mwaka na nusu hashiriki Meza ya Bwana. Anasema hatashiriki mpaka mimi nimtawadhe miguu dada yake. Wifi yangu huyo aliachika, akarudi kwao na watoto wawili. Kwenye msiba wa baba mkwe, kabla hatujazika, alidai mbele za watu kwamba daftari la michango nililoshika mimi lina pungufu ya shilingi 40,000. Kumbe ni hela ya mkaa niliyosahau kuandika. Nilimjibu kidogo tu, kwamba mwanamke aliyeshindwa kutunza ndoa hawezi kunifundisha kutunza hela. Baadaye, kwa ajili ya amani, nilimtumia ujumbe kwamba kama nimemkosea anisamehe. Hakujibu. Kuepusha maneno, kila robo ya mwaka ikifika, siku ya Meza, naenda kushiriki kanisa la jirani. Nafunga Jumatano na Ijumaa ili Mungu avunje kiburi cha mume wangu. Nifanye nini zaidi?

Marahaba, mwanangu. Kudhaniwa mwizi msibani kunauma, pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta huyo mwenye kiburi, na kila mara nakutana na wewe.

"Nilimjibu kidogo tu." Hicho si kidogo. Wifi yako aliuliza habari ya hela, na kweli hela zilikuwa hazijaandikwa. Wewe ukaacha hela, ukaenda kumtonesha kidonda, watu wakisikia. Tena angalia ulivyoandika: "msiba wa baba mkwe." Kwako ni baba mkwe. Kwake ni baba yake mzazi, na alikuwa bado hajafukiwa. Barua nzima hukulikumbuka hilo hata mara moja.

Halafu hilo neno "kama". Anayesema "kama nimekukosea" hajaomba msamaha, amemwachia mwenzake kazi ya kuthibitisha kosa. Mwana mpotevu alipofika kwa baba yake alisema, "nimekosa". Hakuweka "kama". Ningekuwa mimi wifi yako, ule ujumbe nisingeujibu.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiyo safari ya kanisa la jirani. Wewe ni shemasi, pengine wewe ndiye unayepanga mabeseni na taulo siku hiyo, kwa hiyo unajua kwa nini ibada ya unyenyekevu, ile ya kutawadhana miguu, inatangulia mkate na divai. Imewekwa pale ili mwenye jambo na ndugu yake alimalize kwanza. Wengi wetu tumeiharibu. Tunamtafuta rafiki yetu, tunammwagia maji vidoleni, tunafuta, tunakumbatiana, tunarudi kuketi. Kumtawadha unayempenda ni kazi ya dakika mbili. Bwana alipojifunga kile kitambaa awatawadhe wanafunzi wake miguu, Yuda alikuwa hajatoka chumbani, na Yohana anasema Yesu alimjua atakayemsaliti. Wewe unapanda gari kumkwepa mwanamke aliyehoji hela ya mkaa.

Na kufunga kwako? Yule Farisayo wa Luka 18 naye alifunga mara mbili kwa juma, akayataja hayo mbele za Mungu pamoja na ubaya wa mtoza ushuru aliyesimama mbali. Kasome tena uone ni yupi alirudi nyumbani amehesabiwa haki.

Mumeo nitamwambia moja: kosa la mkewe halimfungii Meza, na Meza isifanywe fimbo ya kumchapia mtu. Lakini Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kati yenu wawili, yeye ndiye aliyeliogopa neno hilo.

Ndoa za siku hizi zinanitia uchungu kwa jambo hili. Zamani mke na mume wakikosana waliitwa wazee, wakakalishwa, kila mmoja akalisikia kosa lake kutoka kinywani mwa mtu mzima. Leo kila mtu anaingia chumbani na simu yake, anamtafuta mhubiri wa kumthibitishia kwamba tatizo ni mwenzake. Tunawaombea waume "wavunjwe". Tunaweka aya kwenye status ili mawifi wazione. Maombi yamegeuzwa kuwa namna ya kusengenya, na Mungu ndiye tunayemsengenyea. Wanawake wa kanisa, hili tuliache, tunalaza watoto wetu katika nyumba zisizosemeshana huku tukiitana wapendwa.

Sikuambii ukiri wizi. Hukuiba. Unyenyekevu haukudai useme uongo juu yako mwenyewe, unadai useme kweli yote: hela zako zilikuwa safi, maneno yako yalikuwa machafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe unachokitaka, yaani mumeo arudi mezani, kiko mvunguni hasa.

Usisubiri robo ijayo. Ijumaa hii, kabla jua halijazama, nenda kwa mama mkwe wako. Usibebe kitenge wala sukari, nenda mikono mitupu. Waombe wale wanawake waliokusikia siku ile, hata wawili tu, wawepo. Kaa chini, mwite wifi yako kwa jina, umwambie ulichomtendea siku ya kumzika baba yake. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, ondoka kwa heshima, urudi wiki inayofuata.

Na habari ya mkaa usiitaje kabisa.